Kikohozi cha Serikali

Iko nchi, msiitafute kwenye ramani. Ikiwahitaji itawatafuta yenyewe. Nilizaliwa humo na ushahidi ninao: kovu moja kichwani na jingine mahali nisipoweza kuwaonyesha hadharani. Mimi ni fundi baiskeli, naitwa Pazi. Mwaka fulani niliuliza swali kwenye mkutano wa hadhara, nikajibiwa kwa miezi minane mfululizo, chakula juu yao. Tangu hapo nimekuwa raia mwema kupindukia. Kwa hiyo haya ninayowasimulia msiyachukue kuwa malalamiko. Ni sifa. Hakuna nchi duniani iliyofundisha watu wake Kiingereza kwa bidii kama yetu, nami ni moja ya matunda ya mti huo, ingawa nilidondoka kabla sijaiva.

Mji wetu unaitwa kh.

Samahani. Ni mazoea. Mtaelewa huko mbele.

*

Mambo yalianza siku Mlezi Mkuu wa Taifa alipokwenda ng'ambo, akaulizwa swali kwa Kiingereza mbele ya marais wenzake, akalijibu kwa kutabasamu dakika nne. Aliporudi, alitutangazia uwanjani kwamba taifa limeaibishwa na wananchi wasiojua Kiingereza. Tukamwomba radhi. Akatusamehe, kwa sharti kwamba tusome.

Vitabu vikaagizwa. Meli ikafika, makasha yakashushwa, na baada ya miezi mitatu yale makasha yakawa nyumba ya ghorofa ya Waziri wa Lugha, yenye baraza pana inayotazama bonde. Ni kwenye baraza hiyo hiyo, jamani, kila jambo lina heri yake, ndipo Waziri alipokuwa ameketi akisikiliza redio ya nje akapata wazo. Kesho yake akahutubia:

"Ndugu wananchi! Kitabu huliwa na mchwa. Vita haviliwi na mchwa! Huko mbali wako watu wanapigana kila siku, na kila siku redio za dunia zinarudia maneno yale yale, kwa lafudhi safi, bila kutudai chochote! Mwalimu gani atakayewashinda hao? Wao watoe damu, sisi tuchukue msamiati!"

Tulipiga makofi. Makofi yalikuwa lazima, lakini nisiwafiche, wengine tuliyapiga kwa moyo.

Utaratibu ukawekwa. Kila mji ulipewa redio moja na mwalimu mmoja. Mwalimu huvaa visikilizio masikioni, husikiliza taarifa ya saa kumi alasiri, hututamkia sentensi kwa sentensi, nasi tunaandika. Wengine wote tulikatazwa redio za nje majumbani, tusije tukapata habari wakati tunatafuta msamiati. Redio ya taifa tuliachiwa. Ilikuwa ikipiga ngoma.

Na juu ya yote hayo ikaja Kanuni ya Tisa. Nitawasomea kama ilivyobandikwa ukutani: "Majina ya mahali na ya watu si msamiati na hayana alama. Mwalimu afikapo penye jina atakohoa. Kikohozi kiwe kimoja, kikavu, kisicho na hisia."

Basi ndivyo tulivyosoma. Mwalimu anatamka: "Ndege zimepiga soko la," anakohoa, "na kuua watu arobaini." Nasi tunaandika: ndege zimepiga soko la kh na kuua watu arobaini. Madaftari yetu yalijaa kh. Kh ilipigwa, kh ikazingirwa, kh ikaomba maji. Ukifungua ukurasa wowote ungedhani ulimwengu mzima una kifua.

*

Darasa letu lilikuwa ghala la pamba, watu mia tatu na kumi na wawili juu ya mikeka. Mwalimu wetu alikuwa Ngwembe, mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi cha mfano. Wakaguzi walikisifu. Mwaka wa kwanza alipewa nishani kwa kukohoa majina ishirini na sita katika taarifa moja bila kunywa maji.

Tulijifunza haraka, msituone hivi. Wiki ya kwanza tulijua 'ceasefire', yaani watu wameacha kupigana kwa muda. Mzee Lubuva, karani mstaafu wa kinu cha pamba, mwanafunzi bora wa darasa, alikwenda nalo nyumbani siku hiyo hiyo. Alipokorofishana na mkewe alitoka uani akatangaza 'ceasefire'. Mkewe akamjibu kuwa yeye hajatia saini, akamrushia mwiko. Lubuva akaja darasani na nundu pamoja na neno jipya, 'shelling', yaani kushushiwa mizinga, akapewa alama za ziada kwa matumizi hai.

Tukajifunza pia 'casualties'. Lubuva aliuliza maana yake. Mwalimu Ngwembe akafungua mwongozo wa Wizara, akasoma, akaufunga.

"Mwongozo unasema ni neno la wingi."

"Wingi wa nini, mwalimu?"

"Wa wingi tu."

Tukaandika hivyo.

*

Sasa niwajulishe kwa Bi Sihaba, aliyekuwa akikaa mkeka mmoja nami na kuninyang'anya kifutio. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa makuti, kwa hiyo ni shangazi yangu, maana ukuta wa makuti hauwezi kumzuia mtu kuwa shangazi. Alikuwa mkandaji wa mji mzima. Kila aliyeteguka, aliyevunjika, aliyezaa, alipita mikononi mwake.

Na mji wetu una desturi, labda na wenu pia. Habari ya kifo haipitwi kama jiwe la njiani. Ukiisikia, unasimama. Kama una chungu jikoni unakiepua. Unauliza: nani? Wa wapi? Ukishajua ndipo unapotoa pole, na pole hiyo inakwenda kwa mtu, ina anwani.

Siku ya kwanza kabisa, sentensi ya tatu, Bi Sihaba aliweka penseli chini.

"Mwalimu. Mahali gani?"

"Haihusiki, Bi Sihaba."

"Haihusiki vipi na watu arobaini wamekufa? Pole yangu niipeleke kwa kikohozi?"

Darasa likacheka. Mimi nikamvuta kanga. "Shangazi, kaa. Mimi niliuliza swali mwaka ule, unakumbuka nilirudi nina meno mangapi."

Akakaa, lakini midomo yake ikawa inamrehemu mtu asiyemjua. Na siku iliyofuata akauliza tena. Na iliyofuata. Kwa kila "mahali gani" alikatwa alama tano. Mtihani wa kwanza alipata alama kumi chini ya sifuri, jambo ambalo Wizara ilisema haliwezekani, ikamwandikia barua ya onyo kwa kuliwezesha. Mtihani wa pili akashuka zaidi.

Angecheka naye kama isingekuwa daraja.

Ng'ambo ya mto wetu ndiko alikoolewa binti yake wa pekee, Tausi. Daraja tunalo, la chuma, na linajulikana: nusu limepakwa rangi ya kijani, nusu limebaki na kutu. Lilipozinduliwa, Mlezi Mkuu alitembea mpaka katikati, akachoka, akageuza. Mafundi nao wakaishia pale pale, kwa kuwa upande asioukanyaga Mlezi haukuwa na haja ya kupendeza. Mwaka wa pili wa masomo ikatoka sheria kwamba hakuna kuvuka daraja lolote bila cheti cha Kiingereza. Je, mgeni wa kimataifa akikukuta katikati ya daraja akakuuliza swali, utamtabasamia dakika nne?

Wakati sheria inatoka Tausi alikuwa na mimba ya miezi mitatu, mimba ya kwanza. Sasa ilikuwa ya miezi minane, miguu imemvimba, na barua yake ya mwisho ilisema mistari miwili tu: Mama, mtoto amekaa vibaya. Njoo unigeuzie.

Watoto waliokaa vibaya katika mji wetu hugeuzwa na Bi Sihaba. Ana mikono ya kazi hiyo. Lakini mikono haina cheti.

Mtihani wa tatu ulipangwa Ijumaa. Bi Sihaba aliapa mbele yangu, mkono juu ya mtungi: "Pazi mwanangu, safari hii hata wafe watu elfu, siulizi."

*

Wiki hiyo ya mtihani ilianza na mngurumo.

Ulitoka kaskazini, kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya mbingu. Redio ya taifa ilikatiza ngoma ikatutuliza: Serikali imeanza kupasua mawe kwa ajili ya barabara ya lami. Tukafurahi! Barabara hiyo tumeahidiwa tangu babu yangu ana nywele. Wazee walitoka barazani kuusikiliza mngurumo kama muziki, wakawa wanakisia lami itafika lini. "Inakuja kasi," walisema. "Jana ilikuwa mbali, sikiliza leo."

Jumatatu, Mwalimu Ngwembe alivaa visikilizio, akatamka sentensi mbili, akafika penye jina. Hakukohoa mara moja. Alitazama dirishani kwanza. Kisha akakohoa, na kikohozi hakikuwa kikavu.

"Mwalimu ana mafua," akaninong'oneza Lubuva. "Kikohozi hiki hakina nishani."

Jumanne alitamka: "Waasi wanaelekea kwenye kinu cha pamba kilicho kaskazini mwa kh."

Lubuva akainua kichwa, uso unang'aa. "Hata wao wana kinu cha pamba! Dunia ndogo jamani!"

Tukacheka wote. Kinu chetu kilikuwa mita mia sita kutoka tulipokaa. Ungesimama juu ya mkeka ungeona bomba lake la moshi.

Jumatano: "Vikosi viko kilomita ishirini kutoka kwenye daraja lililopakwa rangi nusu."

Lubuva alianza, "Hata wao Mlezi wao aligeuza..." kisha akaona hakuna anayecheka, akajikohoza na kuinama kuandika. Alikuwa mwanafunzi bora. Aliandika bila kosa. Nami niliandika. Mtaniuliza, Pazi, hukuelewa? Nilielewa. Lakini miezi minane ni shule nzuri sana. Mhitimu wake huelewa jambo na mkono wake ukaendelea kuandika.

Bi Sihaba peke yake hakuandika. Alikuwa ameuma ncha ya kanga, kaibana kwa meno kama mtu anayeshonwa kidonda. Hakuuliza.

*

Alhamisi asubuhi Mwalimu Ngwembe alikuja kibandani kwangu na baiskeli yake.

"Fundi, iongezee kiti cha nyuma. Na bomba la mbele uliimarishe."

"Ibebe nini, mwalimu?"

"Mke na watoto watatu."

"Unawapeleka wapi?"

Akakohoa.

Hatujakaa, Bi Sihaba akatokea nyuma ya ua na kinu chake cha kutwangia dawa, akakiweka chini, akakikalia.

"Ngwembe. Sikuulizi kama mwanafunzi. Ulipoanguka mnazini una miaka saba, nyonga hii nani aliirudisha?"

"Ni wewe, mama."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Nilikukataza?"

"Hukunikataza."

"Basi niambie. Mahali gani?"

Mwalimu alifungua mdomo. Niliona jina limefika kwenye meno, nikaona linavyogeuka kurudi. Mtu aliyekohoa miaka miwili kwa kiapo hana tena njia nyingine kooni. Akakohoa, kikohozi kirefu, mpaka akashika mti.

"Haya," akasema Bi Sihaba taratibu. "Nimesikia."

Akainuka akaenda nyumba kwa nyumba. Alisema: fungeni mizigo, ni sisi. Watu walimjibu kwa adabu. Redio ya taifa haijasema. Tena mtihani ni kesho, na daraja linataka cheti. Bila cheti utakimbilia wapi, utarudi kaskazini kwa wapasua mawe? Mzee Lubuva alimwambia, "Dada, usituvurugie. Mimi safari hii nategemea alama mia."

Jioni alirudi akachomoa penseli yake akaanza kuichonga. "Wana haki," akaniambia. "Njia ni moja tu, cheti. Kesho nitafaulu, nivuke nikamgeuze mjukuu wangu. Nichongee na yako?"

*

Ijumaa alifika Mkaguzi Mkuu, Mheshimiwa Dokta Kapurwa, amebeba sanduku la vyeti vyenye mhuri na utepe. Gari lake aliliegesha mlangoni, pua imeelekezwa darajani, injini haikuzimwa. Tulidhani ni uheshimiwa.

Alihutubia akiwa amesimama karibu na mlango. "Watahiniwa! Taifa linawatazama! Mnaweza kusikia kelele za maendeleo hapo nje. Msizijali! Maendeleo hayana budi kupiga kelele! Mtihani ni wa muda wa saa tatu. Atakayetoka kabla ya wakati hana cheti. Atakayeuliza swali hana cheti. Mwalimu, anza!"

Mwalimu Ngwembe akavaa visikilizio. Saa kumi kamili. Mia tatu na kumi na wawili tukainama.

Akatamka sentensi ya kwanza, nayo ilikuwa rahisi. Ya pili tukaandika. Nje, kabati la mbingu liliburutwa karibu sana. Vumbi la pamba likatudondokea kutoka kwenye dari, jeupe, juu ya karatasi. Watu walilipuliza wakaendelea. Bi Sihaba alikuwa na kanga mdomoni na machozi yanamtiririka, na mkono unaandika, unaandika. Sijaona mtu anayefaulu kwa uchungu kiasi kile.

Sentensi ya tatu. Mwalimu akatamka kwa Kiingereza, nami nawapa kwa lugha yetu: "Raia wote wametakiwa kuondoka mara moja katika mji wa..."

Neno lenyewe lilikuwa 'evacuate', yaani watu watoke, wauache mji. Tulilijua vizuri. Tulishalitungia sentensi hamsini.

Tukasubiri kikohozi, penseli juu.

Hakikuja. Mwalimu alivua visikilizio, akaviweka mezani polepole kama yai. Alimtazama Bi Sihaba.

"Mirumbani," akasema.

Naam. Hilo ndilo jina la mji wetu. Mirumbani. Sikuwa nimelisikia likitamkwa ndani ya ghala lile miaka miwili.

"Mwalimu!" Mkaguzi alisema. "Kohoa!"

"Mirumbani. Wanasema hivyo tangu Jumatatu. Wanasema Mirumbani, na kinu cha Mirumbani, na daraja la Mirumbani."

"Kohoa, nimesema! Watahiniwa, futeni! Hilo halina alama!"

Nanyi mtaniamini nikiwaambia kwamba nilisikia vifutio? Watu walifuta. Mimi mwenyewe nilikitafuta changu, kilikuwa kwa shangazi.

Shangazi alikuwa ameshasimama, kanga imetoka mdomoni, anaifunga kiunoni. Hakupiga kelele. "Watu wa Mirumbani," alisema, "msiba ni wetu. Epueni vyungu."

Mzinga wa kwanza ulianguka kwenye kinu. Bomba la moshi liliinama kama mtu anayesalimia wakubwa, kisha halikuwepo. Mkaguzi Mkuu alitangaza kwamba anakwenda kushauriana na ngazi za juu na kwamba mtihani unaendelea chini ya usimamizi wa dhamiri zetu. Akachukua sanduku la vyeti. Walinzi wake wakamchukua Mwalimu Ngwembe, kwa kosa la kutokohoa, wakamwingiza kiti cha nyuma. Gari lilikuwa tayari. Lilivuka daraja kabla vumbi la kinu halijatua.

Tukatoka mbio. Si wote. Mzee Lubuva alibaki kwenye mkeka wake, na wenzake thelathini na tatu karibu naye. Nilimvuta bega.

"Mzee, twende!"

"Wewe nenda, Pazi. Mheshimiwa kasema unaendelea. Sentensi ya saba naijua, na ya nane naijua. Siku zote mnanivuruga karibu na mwisho." Alipuliza vumbi kwenye karatasi yake. "Nitawakuta darajani, mimi na cheti changu."

*

Darajani palikuwa na kizuizi na askari mmoja. Wenzake walikuwa wamekwenda kushauriana pia. Alikuwa kijana kutoka mkoa wa mbali, bunduki imemzidi kimo, na amri aliyopewa ilikuwa moja.

"Cheti!" alipiga kelele. "Bila cheti hapiti mtu!"

Nyuma yetu watu walisukumana, mke wa mwalimu na watoto wote watatu juu ya baiskeli niliyoiimarisha kwa mkono huu. Bi Sihaba alisogea hadi kwenye mtutu, akanyoosha karatasi yake ya mtihani. Sentensi tatu, hati safi, na mwisho wa ile ya tatu, mahali pa kh, jina limeandikwa kwa herufi kubwa.

Askari akasoma kwa midomo. Alikuwa na cheti daraja la pili, alielewa kila neno.

"Raia wote wametakiwa... Mirumbani." Akainua macho. "Mama, Mirumbani ni wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapa?"

"Kwani wewe hukuambiwa umewekwa wapi, mwanangu?"

"Tulikoholewa," alisema.

Alitazama mto, akatazama moshi, kisha akafungua kizuizi kwa mikono miwili na akawa wa kwanza kuvuka. Tukamfuata, upande wa kijani, halafu upande wa kutu. Tulipokuwa juu ya tuta la ng'ambo daraja lilipigwa. Lilikatika katikati kabisa, pale alipochokea Mlezi Mkuu. Upande uliobaki umesimama ni ule wa kutu.

Ghala tuliliona kutoka pale. Kisha tukaona palipokuwa na ghala.

Siku ya pili, njiani, mtu mwenye redio alitupita, na redio ikasema 'casualties', thelathini na nne. Bi Sihaba aliketi chini barabarani na kutuketisha wote. Akaanza: Lubuva wa Mkwawi, karani wa kinu. Mwanakombo mshona mikeka. Hamisa na mdogo wake. Aliwataja mpaka wakatimia, wa nani na wa wapi, na kila jina tulilijibu pole. Ilichukua mchana wote, tukachelewa.

Tausi tulimkuta anatambaa kuja kwetu. Mtoto aligeuzwa na kuzaliwa kando ya barabara, chini ya turubai la gari bovu, na mikono isiyo na cheti. Ni wa kike. Analia vizuri.

*

Sasa tuko nchi jirani, ndani ya waya, tunahesabiwa asubuhi na jioni. Waandishi wa kigeni walikuja wakatuuliza kwa Kiingereza, tukawajibu sote pamoja, 'shelling', 'evacuate', 'casualties', hawakuamini masikio yao. Tunasikia Waziri wetu wa Lugha alionyeshwa picha hizo akalia kwa furaha. Mtaala wake umepata tuzo. Nchi hii inayotuhifadhi imeununua, na mtaalamu amekuja nao: Mheshimiwa Dokta Kapurwa. Nilimuuliza juzi, kupitia waya, kwa unyenyekevu wote, habari za Mwalimu Ngwembe. Yuko mahali gani? Ndiyo, mimi Pazi, niliuliza. Alinitazama, akakohoa.

Nyuma ya waya wetu kuna darasa lao, jengo zuri, madirisha ya vioo. Kila saa kumi alasiri tunawasikia watu wazima wanavyoandika. Wanasoma habari zetu. Mwalimu wao anatamka kuhusu ghala na daraja, akifika penye jina anakohoa, kimoja, kikavu. Bi Sihaba huwa ananyanyua kichwa na kusema "Mirumbani", huku anamkanda mjukuu, kama mtu anayeitikia dua.

Leo alikohoa mara mbili.

Cha kwanza tulikijua, ni sisi. Cha pili kilikuja sentensi moja baadaye. Kabla ya kukitoa, mwalimu yule alitazama dirishani. Na hakikuwa kikavu.

Wanafunzi wake waliandika. Mmoja alisema jambo, wengine wakacheka. Niligeuka kutazama lango: gari la Dokta Kapurwa lilikuwa limegeuzwa pua, na injini inanguruma.

Bi Sihaba alimkabidhi Tausi mtoto. Alifunga kanga kiunoni, akaniambia, "Pazi, kunja mkeka," akaenda hadi kwenye waya, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Wanangu!" akaita. "Nyinyi mlio darasani! Muulizeni mwalimu wenu, mahali gani?"

Penseli zikasimama. Mwalimu akaja dirishani. Alitutazama muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama neno analolijua, kisha akafunga kioo.